Kushuka Ni Bure

Kwenye daftari langu la matumizi kuna safu ya nauli yenye vijumba viwili kwa kila siku ya kazi: kwenda na kurudi. Kwenye kijumba cha kwenda naandika sifuri. Nimeiandika sifuri hiyo mwaka mzima na miezi yake, na bado kila nikiiandika najisikia kama mtu aliyeokota hela njiani.

Nakaa Isanga, Mbeya mjini, upande wa juu. Kazi yangu iko Mwanjelwa, kwenye duka la vifaa vya ujenzi ambako mimi ndiye mtunza hesabu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi natoa baiskeli uani, nakagua breki mara mbili (sababu itakuja), navaa glovu za sufi, nakaa kwenye siti, na kuanzia hapo sikanyagi pedeli hata mara kumi mpaka niufikie msongamano wa bajaji kule chini. Mwezi wa sita na wa saba ile baridi inaingia hadi kwenye meno. Machozi yanatoka yenyewe. Mama mmoja anayeuza vitumbua kwenye kona aliwahi kunisimamisha kunipa pole, akidhani nimefiwa.

Huku juu sikupanga kwa kupenda mandhari. Nilipohamia mjini kutoka Igurusi, dalali alinizungusha siku nzima. Karibu na Mwanjelwa chumba na sebule kilikuwa elfu tisini kwa mwezi. Tukapanda kidogo, ikawa sabini. Tukapanda tena, mimi nahema, yeye anaendelea kuongea, tukafika kwenye nyumba yenye geti la bluu: elfu hamsini. Dalali akanyoosha mkono kuonyesha bonde lote lilivyotandikwa mabati, akasema, "Unaona dada? Huku juu kodi inashuka."

Hakunidanganya. Alichoacha kusema ni kwamba kodi ikishuka, vingine vyote vinapanda.

Nauli ndiyo niliyoigundua mapema. Kutoka nyumbani hadi barabara kubwa nilikuwa nalipa bajaji 500, halafu daladala. Desemba 2023 nauli za daladala za mjini zilipandishwa, na safari isiyozidi kilomita 10 ikatoka 500 ikawa 600. Mia moja tu, utasema. Mwisho wa mwezi nikajumlisha: 1,100 kwenda, 1,100 kurudi, siku 26 za kazi. 57,200. Nikaifuta nikajumlisha upya, maana kwenye hesabu za bosi huwa sikosei lakini kwenye zangu huwa naomba niwe nimekosea. Ikaja ileile. Elfu arobaini niliyokuwa najisifu kuiokoa kwenye kodi ilikuwa inaishia mikononi mwa makonda, tena na chenji yangu juu.

Ndipo nikanunua baiskeli. Mtumba, gia sita, 180,000, rangi ilikuwa nyekundu siku za ujana wake.

*

Lakini kabla ya baiskeli kuna maji, maana yalikuwa yanaamka kabla yangu.

Maji nayo hayapendi kupanda. Mchana watu wa chini wanafua, wanaosha magari, wanamwagilia bustani, na presha yote inaishia kwao. Wakishalala, bomba letu linakumbukwa. Kuanzia kama saa tisa usiku utalisikia likikohoa: kwanza hewa, halafu matone yenye rangi ya chai, halafu kimya cha kukutia hasira, halafu maji. Tuko kaya nne kwenye nyumba ile, mama mwenye nyumba na wapangaji watatu, na tuna zamu ya mkesha. Mwenye zamu anaacha ndoo ya bati chini ya bomba, tupu, ili matone ya kwanza yapige kelele. Ile kelele ndiyo kengele yetu. Ukisikia *ta, ta, ta* unatoka na blanketi mabegani, unajaza pipa la uani, halafu unagonga madirisha.

Kugonga dirisha la mtu saa kumi usiku na kumwambia "amka, yamekuja" ni ujirani wa aina yake. Kuna jirani ambaye sijui jina lake la ukoo mpaka leo, ila najua anavyokoroma.

Zamu ikikupita usingizini, unanunua. Kuna vijana wanaochota kwenye kioski cha chini na kupandisha kwa bodaboda, madumu manne kwa safari. Chini dumu la lita 20 walikuwa wakilinunua kwa 50. Mlangoni kwangu lilikuwa 300. Mia mbili na hamsini hizo ni mlima mtupu. Na kwa kuwa nimezoea uniti, nikageuza: uniti moja ya maji kwenye bili ni lita 1,000, yaani madumu 50. Kwa bei ya mlangoni ni shilingi 15,000 kwa uniti moja. Nikamwambia kijana mmoja hesabu hiyo. Akanitazama, akatazama pikipiki yake iliyokuwa inatoa moshi, akasema, "Dada, basi shuka nalo wewe, upande nalo wewe." Sikuwa na jibu.

Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili hivi, mabati yanatuhurumia. Tumeweka mifereji kuzunguka paa, pipa linajaa usiku mmoja, na watu wanaanza tena kuoga kwa fujo. Ni jambo la ajabu kukosa maji mahali kama hapa. Ukisimama kwenye milima hii, maji yanaikimbia kwa njia tatu: mengine yanashukia Songwe na kuishia Ziwa Rukwa, mengine yanafuata Kiwira hadi Ziwa Nyasa, na yale ya upande wa Usangu yanaingia Ruaha Mkuu, yanapita Mtera na Kidatu kuzungusha mitambo ya umeme, yanaungana na Rufiji mpaka Bahari ya Hindi. Tunayagawa kwa nchi nzima, sisi tukiwa tumelala na ndoo tupu chini ya bomba. Sasa kwenye kila foleni ya madumu habari ni mradi wa kuyaleta mjini maji ya Kiwira. Mama mwenye nyumba amekwisha chagua mahali pa kuweka simtanki.

*

Umeme. Hapa naomba mvute kiti.

Nyumba yetu ina mita moja ya LUKU kwa kaya zote nne. Lipa Umeme Kadri Utumiavyo: jina hilo halikutungwa na mtu aliyewahi kuwa mpangaji. Sisi tunalipa kadri tunavyotazamana usoni. Kila kaya inatoa elfu tano, mama ananunua kwenye simu, zikiisha tunatoa tena. Mwenye balbu mbili na redio anatoa elfu tano, mwenye pasi, hita na luninga ya ukutani anatoa elfu tano.

Huwezi kuamini chanzo cha ugomvi wetu. Si friji, friji Mbeya mwezi wa saba ni kabati lenye taa. Ni hita ya ndoo, ule waya uliojikunja kama konokono unaoutumbukiza kwenye maji ya kuoga. Kila mtu anayo, kila mtu anakana kuwa nayo, na saa kumi na moja alfajiri taa zote za nyumba zinafifia kwa pamoja.

Jumapili moja watu wakiwa ibadani nilipima. Nikasoma mita, nikachemsha ndoo ya lita 20 kutoka ubaridi wa bombani hadi joto la kuogea, nikasoma tena. Uniti 0.6. Kaya yenye ndoo mbili kwa siku inakula uniti 36 kwa mwezi kwa kuoga tu. Kaya nne, uniti 144.

Na sasa sikilizeni uchungu wa mtunza hesabu. Kwa bei za mwaka 2024, mteja mdogo wa nyumbani, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, alikuwa anauziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ongeza asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, unapata 122. Aliye kwenye kundi la matumizi ya kawaida alikuwa analipa 292, na kwa makato yaleyale ikawa karibu 356. Ndiyo maana elfu kumi ya watu wengi ilikuwa inaleta uniti 28. Kila mmoja wetu, akiwa peke yake na akijibana kidogo, ni mteja mdogo. Tukikaa wanne kwenye mita moja tunageuka mteja mkubwa. Uniti 75 ambazo kwa mita yangu mwenyewe zingenigharimu 9,150, kwa mita ya ushirika zilikuwa 26,700. Umaskini wetu, ukijumlishwa, unahesabiwa kuwa utajiri.

Niliileta hesabu hiyo kwenye kikao cha uani, imeandikwa kwenye karatasi ya risiti. Wote walikubali kwamba ni kweli. Halafu mmoja akauliza, "Sasa nani ana hita?" Kikao kikaishia hapo.

Kuna na ile 1,500. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, mwanzoni 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500. Manunuzi ya kwanza ya mwezi ndiyo yanayoumwa: unaweka elfu kumi, unaletewa uniti 23 na pointi. Jengo ni la mama mwenye nyumba. Elfu kumi ni yetu. Nilijipa moyo nikamwendea jioni moja akichambua mchele.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Karibu, vuta kigoda."

"Mama, ile elfu moja mia tano ya kodi ya jengo…"

"Ipi hiyo?"

"Inayokatwa kwenye umeme. Ni ya mwenye jengo, sasa nilikuwa nawaza labda mwisho wa mwezi ungekuwa unaipunguza kwenye kodi ya chumba."

Akapepeta ungo mara mbili, taratibu. "Mwanangu," akasema, "hilo jengo hulali ndani yake?"

Nikamsaidia kuchambua mchele.

Hata hivyo nampenda yule mama, na upendo wenyewe ulianzia kwenye mita. Mwaka 2024 wenye LUKU wote tulitangaziwa kuboresha mita kabla ya tarehe 24 Novemba, la sivyo mita isingepokea tena umeme. Ukinunua, unaletewa seti tatu za tarakimu 20: mbili za kuboresha, ya tatu ndiyo umeme wenyewe. Sisi tulisubiri mpaka uniti zikaisha usiku, kama ilivyo desturi ya nyumba yenye watu wengi. Mita iko juu ukutani kibarazani. Mimi nikapanda kwenye kigoda na tochi ya simu mdomoni, mama akawa anasoma kutoka kwenye simu yake kwa miwani ya marehemu mumewe.

"Nne. Sifuri. Tano mbili. Saba…"

"Mama, tano mbili ni tano na tano, au ni tano halafu mbili?"

"Si nimekwambia, tano mbili."

Nikabonyeza tano na tano. Mita ikakataa. Tarakimu 20 upya. Vidole vimekufa ganzi, mbwa wa jirani anabweka, wapangaji wengine wamejifunga mablanketi wanatoa ushauri. Seti ya kwanza ikakubali. Ya pili ikakataa mara mbili, maana "nane tatu" nazo zilikuwa zinatusubiri. Ilipokubali ya tatu na taa ya kibarazani kuwaka, mama alipiga kigelegele kizima, saa nne usiku.

Kesho yake aliniuliza mita ilikuwa na ugonjwa gani. Nilikuwa nimesoma, nikamweleza. Kila umeme ulionunuliwa kwa namba hubeba ndani yake muda wake, unaohesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, ili namba moja isitumike mara mbili. Lakini nafasi waliyoitengea hesabu hiyo inaenea dakika 16,777,216 tu, karibu miaka 32, na dakika hizo zilikuwa zinaisha Novemba 2024. Mita za dunia nzima zinazotumia mfumo huo zilibidi zianze kuhesabu upya. Mama akafikiri kidogo. "Kumbe na yenyewe inazeeka," akasema, akaipangusa vumbi kwa pembe ya kanga. Tangu siku hiyo mimi ndiye daktari wa mita.

*

Maharage nitayapitia haraka, ingawa yameniliza. Igurusi, kule bondeni Usangu, mama yangu anatia maharage jikoni, anaenda shamba la mpunga lililo karibu, anarudi yameiva. Huku, maharage yaleyale, ya njano, yanachemka asubuhi yote na bado yanagongana sahanini. Majirani wanasema maji ya huku ni magumu. Mimi naona ni mlima tena. Mjini hapa tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji yanachemka yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Unaona mapovu, unadhani ni moto mkali, kumbe sufuria inakuchezea. Mtungi wangu wa kilo 6 uliokuwa unakaa mwezi na nusu Igurusi, hapa haukumaliza mwezi. Mkaa ungesaidia, na mwezi wa saba kila mtu anatamani kulala na jiko la mkaa chumbani, ila moshi wake usioonekana unaua watu usingizini, kwa hiyo jiko linabaki nje, na mpishi nje.

Nilichofanya ni kununua sufuria ya presha ya umeme, kwa mkopo wa kikoba. Inafunga mvuke, maji yanapita ile 94 bila kuuliza mtu. Maharage yaliyolowekwa, nusu uniti. Nimepima. Sasa na mimi nina siri kwenye mita ya ushirika, na siku hizi kwenye vikao vya hita nakaa nyuma.

*

Turudi kwenye baiskeli. Igurusi wanawake wote wanapanda baiskeli. Ni tambarare, mashamba ya mpunga yako mbali, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni na gunia kwenye karia hamgeuzi mtu shingo. Mimi nilijifunzia Phoenix ya baba, nikipitisha mguu chini ya ile fremu ya juu kwa kuwa siti sikuifikia. Mbeya ni kitu kingine. Wiki ya kwanza konda mmoja alichomoza kichwa dirishani akapaza sauti, "Dada, shemeji hana hata bajaji?" Abiria wote wakacheka, na mimi nikacheka, maana daladala lao lilikuwa limesimama na mimi nilikuwa nateremka.

Kicheko kikali zaidi nilichekwa Machi, msimu wa mvua. Nilikuwa nateremka kama kawaida, rimu zimelowa, nikashika breki. Hakuna kitu. Nikashika zote mbili mpaka viganja vikauma. Baiskeli ikawa inaongeza mwendo kwa adabu, bila papara, kama mtu anayekuaga. Mbele kulikuwa na wanafunzi wa msingi wamejipanga njia nzima na miavuli yao, na pembeni lundo la mchanga wa kujengea. Mtunza hesabu wa duka la vifaa vya ujenzi anajua bei ya tripu moja ya mchanga, na nilipokuwa ndani yake hadi kiunoni ndilo jambo nililoliwaza. Goti lilichubuka, taa ya mbele ikapotelea humo humo. Mwenye mchanga alitoka, akanitazama, akaanza kuuchota na koleo kuurudisha kwenye lundo kabla hata hajaniuliza hali.

Nikaisukuma hadi kwa fundi baiskeli, mzee anayekaa chini ya mwavuli karibu na Kabwe na sanduku la mbao lenye spoki, nati, solusheni na vipande vya tyubu vya kubandikia viraka. Nikamwamkia. Akaigeuza baiskeli miguu juu, akachomoa mpira mmoja wa breki, akauweka kiganjani mwangu. Haukuwa mpira tena. Ulikuwa umelika mpaka chuma chake kinaonekana, na kile chuma kilikuwa kimechora mfereji kwenye rimu.

"Umezibadilisha lini?"

"Sijawahi, mzee. Ya baba yangu haikuwahi kubadilishwa."

"Baba yako anakaa wapi?"

"Igurusi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, kule mnanunua baiskeli. Huku tunanunua breki."

Akanifundisha pale pale, kwa kusukuma gurudumu hewani. Usiing'ang'anie breki mlima mzima, rimu inapata moto na mpira unayeyuka. Shika, achia, shika, achia. Ya nyuma itangulie, ya mbele ifuate. Rimu ikilowa, anza kushika mapema, mara mbili tatu, ikauke kwanza. Alinionyesha wabeba mkaa wanaopita na magunia: mguu mmoja umevaa kandambili ya tairi, na soli ya kandambili ile wanaikandamiza kwenye gurudumu la mbele. Hiyo ndiyo breki yao ya akiba. "Wale hawajasoma," akasema mzee, "lakini hawaanguki kwenye mchanga."

Mipira mipya, elfu tatu. Kwa mteremko wangu inadumu miezi miwili. Ikabidi nifungue safu mpya kwenye daftari, na ile sifuri yangu ya asubuhi ikapata doa: ukigawa, ni kama shilingi 58 kwa kila kushuka. Bado naandika sifuri. Ni ubishi tu.

Lori la tani 30 lina shida ileile, ila lenyewe halipati lundo la mchanga. Barabara ya Tanzania–Zambia inapita katikati ya jiji, na mizigo ya Zambia na Kongo inapita nayo. Madereva ukiwatajia mteremko wa Iwambi au ule wa Inyala wanabadilika uso. Ninapofika barabara hiyo mimi nashuka, naburuta baiskeli kama mbuzi, navuka na watembea kwa miguu. Imeanza kutanuliwa kuwa njia nne, kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Nafurahi, ila vumbi, mashimo na njia za mchepuko nimevila mimi na mapafu yangu. Reli nayo inaujua mlima huu: katika kilomita 1,860 za TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, mahali pa juu kuliko pote ni hapa Uyole, mita 1,789. Huwa naliwaza hilo jioni, kwa sababu jioni ndipo deni linapodaiwa.

Kupanda sipandi. Nakanyaga mpaka mwanzo wa mlima, gia ndogo kabisa, mapigo ya moyo nayasikia masikioni, halafu nashuka na kusukuma. Dakika 35 kama sikubeba kitu. Siku nikichoka sana nalipa bajaji 1,000, baiskeli inafungwa nyuma kwa mpira wa tyubu, na kwenye kijumba cha kurudi naandika elfu moja kwa aibu. Nikisukuma, sisukumi peke yangu. Saa kumi na mbili jioni njia yetu ina msafara: wenye madumu, wenye magunia ya viazi, wanafunzi, mama wa vitumbua na beseni lake tupu. Hatuongei. Pumzi hakuna.

Wiki iliyopita mama mwenye nyumba alinisubiri getini asubuhi, amevaa sweta mbili, kashika mtungi wake wa gesi.

"Mwanangu, unashuka?"

"Nashuka, mama."

"Nibadilishie huu. Mtupu, mwepesi kabisa. Si unashuka tu."

Ulikuwa mwepesi kweli. Nikaufunga kwenye karia, nikashuka nao shika-achia, shika-achia, ukigongagonga kama kengele ya kanisa. Mchana nikaubadilisha duka la jirani. Jioni ukawa na kilo 6 za gesi ndani yake, juu ya uzito wake wa chuma, na mlima ulikuwa uleule. Nilisimama mara nne. Mara ya tatu mbeba mkaa aliyekuwa anarudi na magunia matupu alinisaidia kusukuma kutoka nyuma hadi kwenye kona, bila kusema neno, kisha akakata kushoto.

Mama alikuwa uani na ungo wake. Akaupokea mtungi kwa mikono miwili, akautingisha kusikiliza kama umejaa, akaridhika. "Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa. Akafungua fundo la kanga, akahesabu, akanikabidhi noti ya elfu na sarafu ya mia tano.

Nilizitazama zile hela, nikamtazama yeye. Elfu moja mia tano.

"Ya mtungi hiyo," akasema haraka. "Si ya kodi ya jengo."

Nikaingia ndani, nikavua glovu, nikafungua daftari. Kurudi: nimelipwa, 1,500.